Figa Lililong'aa

Mjukuu wangu Mwenda,

Sisi ni wazima, ng'ombe amezaa, na wewe hupigi simu. Katika barua yako unauliza kama nimewahi kuona hilo jiwe lako adimu la risasi na salfa. Nafikiri niliolewa nalo! Babu yako aliokota jiwe zito la kijivu, linang'aa lakini kisu kinalichora, akaniwekea liwe figa la tatu. Siku nawapikia wakwe njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, mara ya kwanza, likanuka kiberiti, likapasuka, chungu kikalala upande. Nikakishika kwa leso mpaka mama mkwe akaleta jiwe la kawaida.

Akacheka: "Mwanangu hupenda vinavyong'aa. Ndiyo maana akakuoa."

Njahi haikumwagika. Huyo msichana unayemsifia sura, mlete nimpe chungu ashike.

Nyanya yako