Kitako cha Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 9 Septemba

Imekwisha! Kitako kipya cha bunduki kimekaa. Kilikataa asubuhi nzima. Nikakipiga msasa kwa ndani, nikakijaribu, nikakipiga tena — mara kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Meza ya jikoni imejaa vumbi la mbao. Royce alinishikia mtutu nikikaza skrubu. Akasema, "Darla, ukiivunja hii usiniite shahidi." Ndiye mume wangu huyo, hana sifa isiyo na pilipili.

Bunduki ni ile ile ya risasi ndogo niliyowindia kindi tangu sijaolewa. Lakini baada ya upasuaji wa titi mwezi wa pili, bega la kulia siliwezi. Kitako kinagusa pale pale penye kovu. Basi nimehamia kushoto. Mwanamke wa miaka hamsini na nne najifunza upya kama mtoto anayeshika kijiko! Nimeagiza kipuri kimoja kimoja: mtutu mwepesi, maana mkono unachoka upesi, triga laini, maana kidole cha kushoto ni kizembe, kikinga cha maganda ya risasi, maana yalikuwa yananirukia shavuni, tena ya moto. Na sasa kitako cha mkono wa kushoto. Kilichobaki cha zamani ni chuma cha katikati tu.

Nimeiweka begani. Haiumi. Nimekaa nayo hivyo, naangalia dirishani.

Jumatano, 11 Septemba

Nimetoka klabu ya shabaha nimefura. Vaughn Ditzler, mwenyekiti wetu, aliizunguka bunduki yangu kama mtu anayeuziwa ng'ombe mgonjwa. "Dada Darla, hii ni bunduki au cherehani?" Wakaangua kicheko. Nikamwambia cherehani haimwangushi kindi kutoka juu ya mwaloni.

Na yake je? Mtutu mnene kama bomba la maji, darubini kubwa kuliko chupa ya chai! Hiyo yake eti ni ufundi. Yangu ni vikorokoro! Haya, yeye hupiga kundi la Huria, kila mtu na mzinga wake. Mimi hupiga kundi la Kawaida, na sheria ya Kawaida tangu zamani ni hii: badilisha upendavyo, mradi uzito usizidi. Kundi hilo nimelishinda miaka mitatu mfululizo. Na bunduki yangu sasa ni nyepesi kuliko ilivyokuwa!

Najua kinachomwasha. Leo, kwa mkono wa kushoto, nimempita mdogo wake Clair.

Jumapili, 15 Septemba

Sina hamu hata ya kushika kalamu. Naandika kwa hasira tu.

Chakula cha pamoja baada ya ibada. Nimeshika sahani, mara Vaughn huyo, mdomo umejaa yai la siki, lile jekundu la bitiruti. Kamati ilikaa Ijumaa, anasema. Kuanzia mashindano haya, bunduki za kundi la Kawaida ziwe kama zilivyotoka kiwandani. Mashindano haya! Ya Jumamosi ya wiki ijayo!

"Si kwa ajili yako, dada. Sheria ni sheria."

"Nitajie mwingine mwenye kitako cha kushoto."

Akatafuna yai.

Nikasema nina kovu hapa, Vaughn, unataka nikuonyeshe mbele ya mchungaji? Akawa mwekundu kuliko yai lake. Akasema basi nipige Huria, mlango uko wazi. Wazi! Kwa wenye mizinga yao, mimi na fimbo yangu!

Kura tatu kwa mbili. Royce naye yumo kwenye kamati. Njia nzima alikaza macho barabarani. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, pole baba, najua ulijitahidi. Akajibu, "Mambo ya kamati hayatoki nje." Jioni nikamkaangia nyama ya kulungu na vitunguu, vile apendavyo.

Alhamisi, 19 Septemba

Nyama ya kulungu! Nikamkaangia na vitunguu!

Nilikwenda dukani kwa Opal Zerbe kuchukua chakula cha kuku. Opal yumo kwenye kamati. Akanishika mkono: "Samahani, mwenzangu. Tuliosema hapana ni mimi na mzee Luther tu." Akafikiri najua. Nikasimama na gunia langu kifuani nikiwapanga kichwani wale watatu. Vaughn. Clair. Na —

Sikumbuki nilivyoendesha gari hadi nyumbani.

Royce alikuwa uani akipasua kuni. Nikamuuliza ulinyoosha mkono kwa nani. Akaweka shoka chini taratibu. Hakukana, hilo namkubalia.

"Nilitaka upumzike, Darla."

"Mimi nimekuomba mapumziko?"

"Umetoka kuugua."

"Nilipokuwa nakaza skrubu hukuona nimetoka kuugua? Si wewe uliyenishikia mtutu!"

Akaokota kuni moja, akaiweka juu ya rundo. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa: "Klabuni wananiita Bwana Darla."

Ee! Miaka mitatu anakula keki za ushindi wangu, kumbe zinamkwama kooni.

Ijumaa, 20 Septemba

Royce amekula mkate na siagi ya karanga. Peke yake. Vizuri.

Jumanne, 24 Septemba

Nimejiandikisha Huria. Vaughn alidhani natania. "Utapigwa vibaya, dada." Nikamwambia andika jina, herufi zake unazijua.

Royce amenifuata hadi bandani kwa kuku. Amesema jina lile la Bwana Darla lilikuwa neno la hasira, sababu si hiyo. Sababu ni mwezi wa tatu, aliponiona nikishindwa kuinua kikombe, nikimgeuzia mgongo ili asione. Aliona. Akaogopa nisije nikashindwa mbele ya watu wote, nikavunjika moyo, nisiamke tena. Machozi yalimlengalenga. Mtu ambaye hakulia hata alipomzika mama yake.

Labda nilipaswa kulainika. Sikulainika! Nilizidi kuwaka. Hivyo aliniokoa na aibu kwa kunifungia mlango na kumpa Vaughn ufunguo? Angeniuliza! Nalala naye kitanda kimoja, mdomo anao.

Nikamwambia, "Royce, kushindwa ninakuweza. Kuamuliwa nisijaribu, hapana."

Akaokota mayai, akaingia ndani. Moja lilikuwa limepasuka, akalibeba kama amebeba kifaranga.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika garini. Mwandiko huu Mungu anisaidie kuusoma.

Upepo tangu asubuhi, mvua ya rasharasha. Duru ya kulala walinitangulia wote, mizinga yao imetulia chini kama mawe. Nikasikia Clair akisema, "Cherehani imekata uzi." Haya. Duru ya kukaa nikawakaribia. Halafu ikaja ya kusimama! Hapo mizinga iligeuka mzigo. Wanaume wazima wanahema, mitutu inachora duara angani. Mimi na fimbo yangu — nashusha pumzi, triga laini kama siagi, tak. Tak. Maganda yanaruka mbali na shavu langu. Opal alikuwa nyuma yangu anasali kwa sauti, mpaka nikamwambia anyamaze.

Tumebaki mimi na Vaughn. Alama zote zimehesabiwa, isipokuwa tundu moja kwenye karatasi yangu. Liko ubavuni mwa mstari wa ndani, wenye alama mbili zaidi. Likiwa limeugusa mstari, nimeshinda. Kama halijaugusa, Vaughn kanipita kwa alama moja.

Na mwamuzi wa karatasi ni nani? Royce. Miaka yote ni yeye, kwa ukali wa macho yake.

Vaughn akapiga kelele: haiwezekani, mume hawezi kumwamulia mkewe! Royce akatoa kioo chake cha kukuzia mfukoni, akakifuta kwa shati, wala hakuharakisha. "Mara ya mwisho nilipopewa kura juu ya mke wangu, nilikupa wewe, Vaughn. Ulilalamika?"

Watu wamecheka mpaka mzee Luther akakohoa. Vaughn kajiinamia. Mimi sikucheka. Nimechukua daftari, nimekuja garini.

Sasa nawaona kupitia kioo cha mbele. Royce ameinama mezani. Wote wamemzunguka.

Mimi tundu lile nimeliona. Kwa darubini yangu, kabla hawajaitoa karatasi. Kati yake na mstari kuna uzi mwembamba wa karatasi. Mwembamba, lakini upo. Halijagusa. Nimepigwa kwa alama moja, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, na bunduki niliyoiunda kwenye meza yangu. Nakubali! Mwakani Vaughn asilale usingizi.

Na mwenye macho kama Royce hawezi kukosa kuuona uzi ule.

Mbona anakawia hivi?

Wanamuuliza. Anatikisa kichwa, anainama tena. Anafuta kioo. Kitu hiki hakihitaji kufutwa mara ya tatu, Royce. Nakujua. Nimekaa nawe miaka yote hii, nakijua hadi kikohozi chako. Unatafuta namna ya kunilipa.

Usithubutu. Ulininyima mara moja kwa mapenzi, usinipe leo kwa mapenzi hayo hayo!

Ameinua kichwa. Hamtazami Vaughn. Anageuka huku garini, ananitafuta mimi — na anatabasamu.

Ole wako! Nafungua mlango —