Mama, Uliyekataa Kuitia Sahihi Karatasi Ile

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu moyo wako uliochoka usimame, Jumapili asubuhi, ukiwa katikati ya kupiga pasi na kutugombeza. Nyumba bado haijazoea kimya hiki.

Kule kwenye kiwanda cha maboksi walikuita Radi. Ulikuwa msimamizi wa zamu, na ukitokea mlangoni hata wavivu walikumbuka kazi zao. Nasi nyumbani hatukuthubutu kukubishia. Ulikuwa mkali, Mama. Hukupenda sifa za uongo, basi hatutakupamba.

Tunaikumbuka wiki ile. Kazi ilikuwa imechelewa, ukaamuru kinga ya chuma inayozuia mikono itolewe kwenye mashine ya kukatia ili kazi iende mbio. Fundi wa mashine alikuambia, "Mama, hii ni hatari." Ukamjibu, "Wewe kata, usinifundishe kazi." Kesho yake mashine ikamkata vidole viwili.

Meneja akaandaa maelezo kwamba fundi aliitoa kinga kwa kichwa chake mwenyewe. Ilibaki sahihi yako tu. Karatasi ile ilikaa siku tatu juu ya meza yetu ya chakula, na hakuna aliyethubutu hata kuisogeza. Chakula kilipoa mbele yako.

Baba alikuambia, "Ukisema ukweli umekwisha. Miaka ishirini yote itapeperuka."

"Na nikitia sahihi, baba watoto, nitawatazamaje hawa?" ulimjibu, ukituonyesha sisi.

Jumatatu ukaingia mkutanoni, wafanyakazi wote wapo. Wenzako walitusimulia jinsi ulivyosimama mbele yao na karatasi mkononi. Meneja akasema, "Soma tu, tumalize." Hukuisoma.

"Kinga ilitolewa kwa amri yangu," ulisema. "Alinionya, nikamfokea."

Hakuna aliyepiga makofi.

Wakakuvua usimamizi. Mwaka mzima ulifunga maboksi bega kwa bega na wale uliozoea kuwafokea, na wengine walikucheka waziwazi: "Radi imeishiwa mvua!" Ulirudi nyumbani mgongo unauma, huna la kusema. Kumbe ulikuwa unasikiliza. Kiwanda kiliporudisha zamu mikononi mwako, swali lako la kwanza kila asubuhi likawa, "Nani ana neno ambalo sitalipenda?" Na yeyote aliruhusiwa kuzima mashine bila kukuomba ruhusa. Hata sisi ulianza kutuuliza maoni yetu, tukashtuka, tukadhani unaumwa.

Fundi yule, ambaye baadaye alirudi kazini kama mkaguzi wa mashine, alikuja kukuzika. Baba alipomshukuru, akasema, "Mzee, sijui kama nilimsamehe kabisa. Lakini akiniambia mashine ni salama, nilikuwa naingiza mkono."

Unakumbukwa na mumeo. Binti zako wawili, mwalimu na muuguzi. Dada yako, ambaye bado anapiga namba yako kwa mazoea. Wajukuu zako watano. Na wote wa zamu yako. Unakumbukwa pia na kitindamimba wako. Mwezi uliopita naye amefanywa msimamizi kazini kwake, Mama, na anaogopa.

Pumzika. Daima tutakukumbuka, ukali wako na ukweli wako.