Mzee Ametuachia Ndoto

Jumatano, 5 Machi
Kesho ndiyo kesho. Filamu ya mwisho ya Mzee, mwongozaji wetu, inaonyeshwa kwa mara ya kwanza — na mwenyewe tulishamzika. Mimi ndiye mhariri wake. Watu wanamsubiri Mzee yule wa zamani: kisa, ugomvi, kicheko, mwisho unaoeleweka. Watakuta ndoto tupu! Mwanamke anapiga pasi kwenye nyumba iliyojaa maji. Farasi kwenye korido ya hospitali, na hakuna anayemshangaa. Mimi naipenda kufa. Lakini mkewe hajaiona hata kipande.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Jamaa nyuma yangu alimuuliza mwenzake kama mashine imeharibika. Wengine wakatoka. Mwishoni huku makofi, kule kuzomea. Nje, fundi wetu wa sauti nusura azichape na mwandishi wa gazeti aliyesema eti Mzee alikufa akili kabla ya mwili. Mama, mjane wake, kaondoka bila neno. Hata kwaheri!

Ijumaa, 7 Machi
Mama hapokei simu. Gazeti moja: aibu. Jingine: kazi yake bora kuliko zote. Haya!

Jumamosi, 8 Machi
Nimemfuata nyumbani. Kanifungulia mlango mikono ina povu la sabuni. “Mbona umekonda hivyo, mwanangu?” Nikaanza kubwabwaja samahani. Samahani ya nini? akanikatiza. Kumbe miaka yote ya ndoa Mzee alimsimulia ndoto zake asubuhi, naye anatafuta soksi za watoto, anaitikia tu ehe, ehe. “Juzi ndiyo nimeziona. Zilikuwa nzuri hivi! Ningekaa pale kuongea na watu, ningelia.”
Na yule wa pasi?
“Ni mimi huyo! Bomba lilipasuka, maji magotini, na shati lake la kazi bado lina makunyanzi. Ningefanyaje?”
Na mimi nilidhani ni fumbo zito! Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Mzigo umetua puu. Nimekula, nimeongezwa, nimekula tena.

Jumatatu, 10 Machi
Kwa msambazaji wa filamu, kwenye viti vya mapokezi. Anataka farasi atoke, pasi itoke, ndipo aipeleke kwenye majumba mengine. Mama kamsikiliza mpaka mwisho, kisha kwa upole: “Baba, umeoa?” Ndiyo. “Mkeo huwa anaota nini?” Jamaa akachukua simu yake. Akatuomba tusubiri nje kidogo.
Mlango haukufungika vizuri. Anaongea kwenye simu — na mkewe, anamuuliza ndoto zake! Mwanzoni alikuwa anacheka. Sasa hacheki, anasikiliza tu. Nataka kusema kitu, Mama kanikanyaga mguu —