Mpira Chini ya Kifuniko

Amuria, leo hakuna ejok, salamu baadaye. Soma haraka.

Lile sanduku la chuma la mjukuu wangu Nakiru liko huko kwenu Lodwar. Leo wanalipua gesi ndani yake makusudi, waone kama litazuia moto usitoke.

Unakumbuka alivyotuonyesha kwa kompyuta? Chuma kikizidiwa, rangi inakuwa nyekundu. Lilikuwa buluu lote, mpaka kwenye bolti. Akasema, "Nyanya, mimi nitasimama karibu nalo. Hesabu imekubali." Akasema pia kifuniko kikae chuma juu ya chuma, katikati kusiwe na kitu, la sivyo moto utapenya hapo.

Sasa hivi nimepita kwa Ekuru, fundi aliyelichomelea hapa Kakuma. Anacheka! "Mama, nimewasaidia. Nimekata tyubu ya baiskeli, nikaibandika chini ya kifuniko, nikafunga. Hata haionekani. Vumbi halitaingia."

Mpira, Amuria! Chini ya kifuniko!

Nikamuuliza, Nakiru anajua? "Aa, atafurahi tu akikuta ndani ni safi."

Kompyuta haikuambiwa habari ya huo mpira. Ile buluu yote ilikuwa ya sanduku lingine.

Nimempigia Nakiru. Ameshika, nyuma yake kelele tupu. "Nyanya, nitakupigia, tunakaza bolti za mwisho." Amekata kabla sijasema neno.

Nimepiga tena. Hapatikani. Tena. Hapatikani.

Wewe uko ng'ambo ya barabara tu kutoka hapo wanapolipua. Wacha sufuria, kimbia. Mwite kwa nguvu zako zote, lakini mwite ukiwa mbali. Usilikaribie hilo sanduku.