Nyumba Aliyoiuza Mama

Charlotte, 9 Machi 2021

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, ila Jalisa ana mafua.

Mama, nyumba ya nane imetuponyoka. Niliwaandikia wenyewe barua kama wanunuzi wote wanavyofanya, nikatia picha yetu watatu, nikasema mtoto anataka pa kupanda nyanya. Wakaiuzia kampuni iliyolipa taslimu bila hata kuchungulia ndani. Cedric ananitania eti barua zangu zinaliza watu lakini hawatuuzii. Nilicheka naye, kisha nikaingia bafuni kulia. Tumechoka.

Mwanao,
Renita

Gastonia, 22 Mei 2021

Mwanangu Renita,

Marahaba. Mimi namshukuru Mungu, magoti ndiyo hayo ya uzee. Jalisa amepona?

Tangu baba yako atutoke, ngazi za nyumba hii zinanishinda. Nahamia kwa mama yako mdogo Vernell, na nyumba nimeshaiuza. Usinune kwamba sikukuuliza. Uliapa mwenyewe hutarudi Gastonia hata kwa kuburutwa, nami nikakuamini. Barua zilikuja nyingi. Nimechagua ya vijana wawili, Josh na Amy. Wameandika kwa mkono, wametia picha yao na mbwa, wanasema wanataka kulea watoto hapa. Nikakukumbuka wewe unavyonyimwa kila siku, nikasema walau mimi niwe muuzaji mwenye huruma. Bei yao ilikuwa ndogo kuliko za wengine. Niliwapa hivyohivyo.

Mama yako

Gastonia, 3 Septemba 2021

Mama,

Shikamoo, na umsalimie mama mdogo. Nimekaa kimya miezi mitatu kwa sababu kila nikishika kalamu hasira zinanipanda.

Hakuna Josh wala Amy. Nilipita pale nikakuta kibao cha kampuni, nyumba inapangishwa. Majirani wanne wamenionyesha barua ileile waliyoletewa nao, na mbwa yuleyule. Ule mwandiko ni wa mashine, mama. Nami nilikuwa mjinga kuapa vile. Ungeniuliza, ningekuja siku hiyohiyo.

Basi tumeipanga. Nalipa kodi kulala chumba nilichokulia. Mama mdogo amenipigia, anasema unalia, unataka kurudi. Chumba cha chini tumekutengea. Lakini mkataba unasema asiyeandikwa humo ni mgeni, na mgeni mwisho wake siku kumi na nne. Niliwaomba wakuandike. Wamesema pensheni yako haifiki kiwango chao.

Mwanao,
Renita

Kwa Vernell, 11 Novemba 2021

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Afya ipo.

Usijilaumu, wala mbwa wa watu usimlaumu. Barua ile nimeisoma tena jana. Ni nzuri bado, na hilo ndilo linaloniuma, maana wangeniandikia leo ningewapa tena. Miaka arobaini na mmoja nimeufungua mlango ule bila kumuomba mtu ruhusa. Nimekunyang'anya nyumba kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikidhani natenda wema. Nisamehe, mama.

Nitakuja tarehe kumi na nane Desemba. Chakula cha Krismasi napika mimi, Cedric asiguse mkate wa mahindi. Tarehe thelathini na moja asubuhi, siku ya kumi na nne, Vernell atakuja kunichukua, kampuni isije ikawatoa kwa ajili yangu. Jalisa akiuliza mbona bibi hangoji mwaka mpya, mwambie bibi anawahi kwake.

Mama yako