Mheshimiwa Alinidanganya, Nikalipiza kwa Rafiki Yangu

Kwako Shangazi Marcella,

Pokea salamu kutoka huku Kiptere. Hii barua nimeianza mara tatu nikairarua, na ukiiweka kwa gazeti tafadhali geuza majina yetu, kwa sababu nikijulikana sijui nitaishi wapi, lakini nisipoiandika nitakuwa mgonjwa.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, niite Beldina, kwetu ni upande wa Kisii lakini nimechuna majani chai hapa Kericho miaka kumi na saba kwa shamba moja kubwa, na miaka hiyo yote mstari wa pembeni yangu alikuwa Chepngeno, mtu wa hapa hapa, na sisi tulikuwa zaidi ya dada, nilipokuwa na mimba ya Nelvine ni yeye alikuwa ananibebea kikapu mpaka kwa mizani, na mama yake alipofariki mimi ndiye nilisimamia jikoni siku nne za matanga.

Sasa ile kampeni ya 2022 mheshimiwa mmoja alikuja uwanjani akapanda juu ya gari akasema, "Akina mama, nipeni kura, na hizi mashine za kuchuna chai zitatoka hapa kabla ya Krismasi!" Shangazi, nililia. Mimi na Chepngeno tukavaa leso zake, tukaimba kutoka Kiptere mpaka Sotik, sauti zikapotea, na wiki hiyo hiyo ofisi ya shamba ikabandika karatasi kwamba anayetaka kujifunza mashine aandike jina, nikamkuta Chepngeno ameshika kalamu, nikamcheka nikamwambia, "Wewe, unajiandikisha kuendesha kitu tunakiondoa na kura ya Agosti?"

Akanijibu, "Mama Nelvine, kura nitapiga, na jina nitaandika. Wewe pia andika."

Sikuandika. Niliona nikiandika ni kama nimemsaliti mheshimiwa. Akashinda, Krismasi ikapita, na mashine badala ya kutoka zikaongezwa, na mwaka uliofuata tukaitwa ofisini wanawake thelathini tukaambiwa watu wachache na mashine moja wanamaliza kazi yetu, asanteni, na nyumba za kampuni tuzitoe kwa wiki mbili. Nikahamia chumba kimoja hapa sokoni, nachuna kwa mashamba madogo ya watu wakiniita, wasiponiita nafua nguo, na kila kitu kwa duka kimepanda, na kwa redio nasikia wakubwa wakisema uchumi unakua, najiuliza unakulia wapi, kwa sababu mimi sijauona.

Na Chepngeno akabaki. Nyumba ileile, jiko lilelile tulikuwa tunapikia pamoja, akapewa ovaroli ya bluu imeshonwa jina lake kifuani, buti mpya, na vidole vyake vile vilikuwa vyeusi kama vyangu kwa utomvu wa chai vikaanza kuwa safi. Akinitembelea analeta maziwa na mimi nayapokea nikisema asante, akienda namwagia paka. Ndiyo, nayamwaga, na mtoto wangu yuko hapo anakunywa chai ya rangi. Nilikuwa naota ameshushwa cheo. Kanisani akisimama kutoa ushuhuda nilikuwa natoka nje.

Mwezi uliopita mheshimiwa amerudi kutafuta kura za mwaka ujao. Mama mmoja akamuuliza, "Na zile mashine?" Akasema hayo ni mambo ya kampuni, serikali haiwezi kuingilia biashara ya mtu. Watu wakaanza kunung'unika, na hapo ndipo alimwona Chepngeno amesimama pembeni na ovaroli yake, ametoka kazini, akamwonyesha kwa mkono akasema, "Muangalieni huyu mama! Ameshika teknolojia. Nyinyi mnangoja nini?" Na watu wakapiga makofi. Shangazi, wakapiga makofi! Chepngeno aliinamisha uso lakini mimi niliona kama anacheka.

Nilitoka hapo nikaingia hoteli moja ya sokoni, nikakuta vijana wamekasirika wanasema mashine lazima zichomwe, lakini hawajui zinawekwa wapi. Mimi nikajua. Nikawaambia ni kwa ghala karibu na bwawa, na saa tatu asubuhi mlinzi huenda kunywa chai. Hakuna mtu aliniuliza. Nilisema mwenyewe, na wao wakapanga Jumatano. Na nilijua pia Jumatano ni siku ya Chepngeno kubaki ndani kusafisha visu vya mashine, alishanisimulia akileta maziwa. Nikikwambia sikukumbuka nitakuwa nadanganya. Nilikumbuka, nikajifanya sijakumbuka.

Waliwasha moto bila kuangalia ndani. Alitoka, Mungu ni mkubwa, lakini mkono wa kulia umeungua kutoka kwa kiwiko mpaka vidole. Na Bosire, yule mlinzi, amesimamishwa kazi na anahojiwa polisi kila siku, wanasema aliuza habari.

Nilienda kumwona Chepngeno hospitali kwa sababu nisipoenda watu watajiuliza. Akanishika na mkono ule mzima akaniambia, "Mama Nelvine, daktari amesema miezi. Nimemwambia supavaisa Aron akuweke wewe mahali pangu. Usikatae kama ile siku ingine." Juzi Aron amenipigia simu, mafunzo yanaanza Jumatatu, na nikiingia nitarudishiwa nyumba.

Nifanye nini? Nikikubali, nitakuwa nimekaa kwa kiti cha mtu niliyemuunguza. Nikikataa, mtoto wangu analala njaa na Chepngeno atauliza kwa nini. Nikisema ukweli nitafungwa. Na kura ya mwaka ujao, Shangazi, niambie niipige ya nini? Naona mheshimiwa ndiye aliwasha huo moto.

Ni mimi,
Beldina

*

Beldina,

Barua yako ilifika Alhamisi, na sikungoja siku ya gazeti. Nilikupigia siku hiyohiyo kwa namba uliyoandika kwenye bahasha, kwa sababu kuna mwanamume anahojiwa polisi kwa maneno yaliyotoka kinywani mwako. Niliyokuambia kwa simu nayarudia hapa kwa ajili ya wengine, kwa maana najua hauko peke yako, na majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba.

Kwanza, pole. Umechuna miaka kumi na saba ukatolewa kwa wiki mbili, bila mtu kukuuliza utalala wapi. Huo ni uonevu, na sitakuambia eti ujitahidi zaidi. Unajiuliza huo uchumi unakulia wapi. Mimi si mtaalamu, lakini mashine inapoingia, faida ikaenda upande mmoja na hasara yote ikabebwa na akina mama thelathini, kuna watu walikaa mezani wakaamua iwe hivyo, na wengine waliopaswa kuwatetea wakanyamaza. Ukisikia uchumi unakua na sufuria yako haina kitu, wewe si mjinga. Una haki ya kukasirika.

Lakini huo moto hakuuwasha mheshimiwa, Beldina. Alidanganya, na hilo ni lake. Ghala ulilitaja wewe, na saa ukaitaja wewe. Mheshimiwa alikuwa mbele yako akiwa na kipaza sauti, na mama mwingine ndiye aliyemuuliza swali, wewe ulinyamaza. Waliokutoa kazini huwajui hata kwa sura. Chepngeno ulimjua mpaka siku anayosafisha visu, ndiyo maana ukampiga yeye. Alikuwa karibu, na alikuamini. Na hakukunyang'anya kitu. Alikuambia uandike jina, ukamcheka. Wivu wako ulitaka awe mwizi ili usijilaumu. Na yale maziwa uliyompa paka yalikuwa ya Nelvine.

Nilikuambia usikanyage mafunzo ya Jumatatu kabla hujamwambia ukweli. Nilikuambia umwone wakili wa msaada wa kisheria, nikakupa namba, kisha uende kituoni ukiwa naye. Ulilia, ukanikatia simu. Jumatano iliyofuata ulinipigia wewe, na kwa ruhusa yako naandika uliyoniambia.

Ulimwambia Chepngeno yote, hata lile la Jumatano. Alingoja muuguzi abadilishe bandeji aondoke. Kisha akasema, "Jina lako nililitoa mimi. Mimi ndiye nitalirudisha." Akampigia Aron simu mbele yako akamwambia atafute mtu mwingine. Hakukutukana. Akakuambia utoke, ukatoka. Kesho yake uliandikisha taarifa polisi ukiwa na wakili, na Bosire amerudi langoni. Kesi yako inakuja na hujui itaishaje. Nami sijui. Lakini mtu asiye na hatia amerudi kazini, na hilo limefanyika kwa sababu uliinuka ukaenda.

Sasa nisikilize. Usimwendee Chepngeno kila wiki kuomba msamaha ili wewe upate usingizi. Ana kidonda cha kuuguza, usimbebeshe na chako. Mkono wake mmoja haufanyi kazi na ana mboga shambani za kuchuma na ng'ombe wa kukama. Zungumza na mchungaji wenu, akubali yeye atume mtu wa kumsaidia, na wewe ulipie kwa kufua au kuchuna, bila jina lako kutajwa. Akikuita siku moja, nenda. Asipokuita, ishi na hilo.

Kuhusu kazi, kwa sasa endelea na mashamba madogo, na watafute wale wenzako ishirini na tisa. Najua mnapishana sokoni mkisalimiana tu, kila mmoja na aibu yake. Kaeni pamoja. Andikeni mnachotaka: mashine isiingie kabla watu hawajafundishwa kazi nyingine, na nyumba isichukuliwe kwa wiki mbili. Wekeni sahihi zote thelathini. Nakala moja ipelekeni kwa chama cha wafanyakazi, nyingine kwa bunge la kaunti, na mhakikishe imegongwa muhuri mkiwa hapo. Moto uliwapa waliowatoa kazini nafasi ya kuwaita wahalifu. Karatasi yenye sahihi thelathini watalazimika kuijibu.

Na kura utapiga. Usiniambie wanasiasa wote ni walewale. Ukikaa nyumbani siku hiyo, atakayefurahi ni yuleyule aliyekudanganya, maana atakuwa amepunguziwa mtu mmoja anayemkumbuka. Ila safari hii hakuna leso wala kuimba. Kura yako aiombe akiwa amesoma barua yenu na kuijibu kwa maandishi.

Umeniambia mheshimiwa anarudi Kiptere Jumamosi. Nenda, uende na wenzako, na msisimame nyuma. Akimwonyesha mwanamke mwingine kwa kidole ili mmwangalie, msigeuze vichwa. Mwangalieni yeye, na wewe ndiye uulize.

Shangazi Marcella