Chai ya Aliyevaa Buti

Mjukuu wangu Neema,

Sisi tunapumua, ila mjomba wako Deo haongei tangu kiwanda chao cha Pinetown, hapa nje ya Durban, kifungwe. Saluni yangu nayo iko tupu.

Umeniuliza ule mdororo wa uchumi wa Wamarekani kati ya vita viwili vya dunia, mnaousoma huko kwao, sisi ulituhusu nini. Eish, Neema! Walipoacha kununua shaba, mgodi wa kwetu Katanga, Kongo, ulimwachisha babu yangu kazi, na hakuitwa tena. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, lakini bado kila king'ora cha mgodi kilipolia asubuhi, babu alifunga kamba za buti akakaa mlangoni. Bibi yangu alimwekea chai. Siku moja nikamwuliza babu anakwenda wapi.

"Wakiniita, wanikute nimevaa."

Nilidhani ni uzee tu.

Juzi asubuhi nilimkuta Deo amepiga pasi ovaroli ya kiwanda, ameivaa, amekaa dirishani anatazama teksi za Pinetown zikipita. Ana miaka thelathini na minne.

Sikumwuliza kitu. Nilimwekea chai.

Kambo, bibi yako,
Durban